Chapa Kazi: Haihati ya Kumi na Sita kwa Mpiga Drams Anayeanza

Makanisa mengi ya huku Chanika yameezekwa bati bila dari, na bati halina huruma na mpiga drams. Kila unachokigonga kinapanda, kinakutana na paa, kisha kinawashukia wanakwaya kichwani. Ngoma ya mguu na snea zinavumilika. Haihati ndiyo inayochoma masikio, kwa kuwa ni matoazi mawili yanayokutana, na ndiyo inayopigwa mara nyingi kuliko kitu kingine chochote kwenye seti. Kijana anayetoka kwenye nota nane na kuingia kwenye nota kumi na sita anazidisha kelele hiyo mara mbili. Kiongozi wa kwaya anageuka, anamshushia kiganja, na kijana anarudi kwenye nota nane akiamini kwamba kumi na sita ni za mafundi.

Si kweli. Mdundo huu anaweza kuupiga mtu aliyekaa kwenye drams miezi michache tu, mradi aelewe jambo moja mapema: nota kumi na sita zinalingana kwa muda, hazilingani kwa nguvu. Nne ndizo zinazofika viti vya nyuma kwa nguvu. Kumi na mbili zilizobaki ziwe ndogo kiasi kwamba anayesikiliza hazihesabu, anahisi tu kuwa wimbo una mwendo. Mengine yote nitakayoeleza hapa yanatoka kwenye hilo.

Tuanze na kuhesabu. Nyimbo nyingi tunazopiga zina mapigo manne kwa kipimo: moja, mbili, tatu, nne. Gawa kila pigo sehemu nne zilizo sawa, unapata kumi na sita. Walimu wengi hufundisha kwa silabi za Kiingereza, na aliyezizoea azitumie. Mimi wanafunzi wangu nawapa maneno mawili ambayo hakuna Mtanzania asiyeyajua: chapa kazi. Cha-pa-ka-zi. Silabi nne fupi, ulimi haukwami. “Cha” ni pigo lenyewe. “Ka” ni nusu ya pigo, pale pale ulipokuwa ukipiga nota nane. “Pa” na “zi” ndizo mpya. Kipimo kizima ni chapa kazi mara nne:

cha-pa-ka-zi, cha-pa-ka-zi, cha-pa-ka-zi, cha-pa-ka-zi

Sema kwa sauti kabla ya kugusa stiki. Tembea nayo, kila hatua ikiangukia kwenye “cha”. Ukiwa kwenye daladala ya Chanika na foleni ya Gongo la Mboto haisogei, piga kwa viganja juu ya mapaja, kulia-kushoto-kulia-kushoto, polepole, huku ukisema kimoyomoyo. Mdomo ukikosea, mkono utakosea. Sijaona mwanafunzi ambaye hesabu yake ilikuwa safi halafu mikono ikakataa kabisa, lakini nimeona wengi wenye mikono myepesi wanaopotea kwa sababu hawajui wako kwenye silabi gani.

Kwenye simu weka programu ya metronomu. Ziko nyingi za bure na nyingi hazihitaji bando ukishazipakua. Ianzishe kwenye 60. Hapo pigo moja ni sekunde moja, kwa hiyo unapiga nota nne kila sekunde, mbili kwa kila mkono. Kwenye 90 zinakuwa sita kwa sekunde. Kwenye 120 zinakuwa nane, na wimbo wa dakika nne unakuwa na nota 1,920. Hesabu hiyo iangalie vizuri. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kukaza misuli mara mia kadhaa mfululizo na ukabaki mwepesi. Ndiyo maana stiki lazima ijirudie yenyewe: wewe unaishusha, toazi linairudisha, kazi yako ni kutoizuia. Ishike kati ya kidole gumba na cha shahada, vidole vitatu vilivyobaki viiguse bila kuikaba. Ikiwa ukucha wa kidole gumba unabadilika rangi kwa kubana, umekaza mno.

Njia ya kwanza, na ndiyo inayomfaa anayeanza, ni ya mikono miwili juu ya haihati. Kulia inapiga “cha” na “ka”, kushoto inapiga “pa” na “zi”. Anayetumia mkono wa kushoto ageuze. Mikono hii miwili ifanye kama kina mama wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja: mchi mmoja ukishuka mwingine uko juu, hakuna anayemkimbiza mwenzake wala anayemsubiri. Tatizo la karibu kila anayeanza ni mkono dhaifu kuchelewa kidogo na kutoa sauti nyembamba, mdundo ukawa unachechemea. Dawa yake ni kuanzisha zoezi kwa mkono huo dhaifu. Piga vipimo kadhaa ukitanguliza kushoto kwenye “cha”, kisha rudi kwenye mpangilio wa kawaida. Mkono unaolazimishwa kuongoza huamka.

Wengi wetu seti hatuna nyumbani. Iko kanisani au kwenye bendi, na unaipata siku ya mazoezi tu, tena baada ya kugombania na wenzako. Hilo lisikucheleweshe. Kata kipande cha tairi la gari, kigongelee kwenye ubao, kiweke kwenye stuli mbele yako. Mpira unairudisha stiki karibu na namna toazi linavyoirudisha, na jirani wa chumba cha pili hatakuja kugonga mlango. Kipande cha pili kiweke kushoto, juu kidogo ya cha kwanza, kiwe haihati. Cha katikati kiwe snea. Mguu wa kulia ugonge sakafu. Mto wa kulalia nao una kazi yake: haurudishi stiki hata kidogo, kwa hiyo kifundo cha mkono kinalazimika kuinyanyua chenyewe na kupata nguvu. Dakika chache kwenye mto, muda mrefu zaidi kwenye mpira. Kupiga mto peke yake kunazoeza mkono kunyanyua kila nota kwa nguvu, tabia ambayo kwenye toazi la kweli inachosha haraka.

Siku ukiipata seti, usikimbilie kupiga. Seti za kanisani hufungwa na kufunguliwa na watu wengi, na haihati ndiyo huumia zaidi. Matoazi yake, ambayo mara nyingi ni ya inchi 14, hayafanani: kwa kawaida zito hukaa chini na jepesi juu. Yakibadilishwa bado yanatoa sauti, ila mguso wake unabadilika. Kibano kinachoshika toazi la juu kisikazwe hadi toazi likashindwa kutikisika. Liache liyumbe kidogo. Chini ya toazi la chini, kwenye stendi nyingi, kuna skrubu ndogo inayoliinamisha upande. Ikaze hadi toazi lilale kidogo tu, maana matoazi yakikutana yakiwa sambamba kabisa hewa inanaswa katikati na sauti ya kufunga kwa mguu inakufa. Kimo nacho: haihati ikae juu ya snea kwa sentimita 15 hadi 20 hivi. Ikiwa chini zaidi mikono inagongana, ikiwa juu sana mabega yanapanda na utachoka kabla ya ubeti wa pili.

Sasa nguvu za nota, jambo nililosema ndiyo roho ya kazi hii. Haihati ina sehemu mbili za kupigia. Ukipiga ukingo wake kwa shingo ya stiki, pale inapoanza kunenepa, inatoa sauti nene na kubwa. Ukipiga mgongo wake kwa ncha ya stiki, inatoa sauti ndogo na safi. Basi “cha” ipige ukingoni, na “pa-ka-zi” zipige juu kwa ncha. Kwenye “cha” stiki ianzie kimo cha kiganja hivi. Kwenye nyingine isizidi upana wa vidole viwili. Vidole viwili tu! Mwanzoni utaona hupigi kitu. Vumilia. Rekodi kwa simu ukiwa umeiweka nyuma ya ukumbi, halafu sikiliza: utakuta zile nota ulizodhani hazisikiki zipo zote, na sauti za waimbaji zimepata nafasi.

Zoezi hili, haihati peke yake na mkazo kwenye “cha”, likae nawe siku nyingi kabla hujaongeza kitu. Najua linachosha. Najua kijana anataka siku ya kwanza apige kama yule aliyemwona kwenye video. Lakini likitulia hapa, hatua zinazofuata zinakuja haraka kuliko unavyodhani, na lisipotulia kila utakachojenga juu yake kitapinda.

Ongeza ngoma ya mguu kwenye “cha” ya pigo la kwanza na la tatu. Ikikaa, ongeza snea kwenye “cha” ya pigo la pili na la nne. Hapo mkono wa kulia ndio unaoondoka kwenye haihati, unashuka kupiga snea, kisha unarudi kwenye haihati kuwahi “ka”. Mkono wa kushoto haubadilishi chochote. Unabaki juu ukipiga “pa” na “zi” zake kana kwamba hakuna lililotokea. Haihati kwa hiyo inapoteza nota mbili kwa kipimo, zinabaki kumi na nne, na sikio halilalamiki kwa kuwa snea imeziba pengo.

Makosa mawili hutokea hapa. La kwanza, mkono wa kulia ukishuka kwenye snea, wa kushoto unasimama kuutazama, na “pa” inayofuata inachelewa. Shusha metronomu hadi 50 na upige kipimo hicho kimoja tu, ukisikiliza “pa” iliyo mara baada ya snea. La pili, snea inatoka dhaifu kwa sababu mkono umetoka kwenye nota ndogo na hauna muda wa kupanda. Uandae mapema: “ka” iliyotangulia snea ikishagusa toazi, acha stiki ipande zaidi ya kawaida, iwe tayari juu “cha” inapofika.

Mdundo huo peke yake unatosha kubeba wimbo mzima. Ukitaka kuupa uhai, hamisha mguu. Kwanza ongeza ngoma ya mguu kwenye “ka” ya pigo la tatu. Hiyo ni rahisi, kwa sababu mguu wa kulia unakwenda pamoja na mkono wa kulia, na miguu yetu inapenda hivyo. Kisha jaribu kuiweka kwenye “zi” ya pigo la pili, kabla tu ya “cha” ya tatu. Hapo utakutana na ugumu wa kweli, maana “zi” ni ya mkono wa kushoto, na mguu wa kulia haujazoea kushirikiana na mkono huo. Usilazimishe na mdundo mzima. Ondoa kila kitu, piga mkono wa kushoto na mguu wa kulia tu, vyote pamoja kwenye “zi”, vipimo vingi, hadi viache kugombana. Kisha rudisha mkono wa kulia. Snea iingie mwisho.

Baada ya hapo ndipo uifungue haihati. Nyanyua vidole vya mguu wa kushoto kidogo kwenye “ka” ya pigo la nne, matoazi yaachane na kutoa ule mlio wa “tsiii”, kisha yafunge kwenye “cha” inayofuata. Kuachana kwake kuwe kudogo mno, yabaki yakigusana kidogo. Yakiachana kabisa unapata mlio mchafu usiofungika kwa wakati. Mara moja kwa kila kipimo cha pili au cha nne inatosha. Ukifungua kwenye kila pigo, unaingia kwenye disko, na hilo nalo ni sawa ikiwa wimbo unalitaka.

Je, wimbo unalitaka lini? Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaofundisha mdundo bila muziki. Haihati ya kumi na sita inajaza nafasi, na muziki wetu mara nyingi nafasi hiyo imeshajazwa. Sikiliza rekodi za Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1978, au Msondo, ambayo ilianza kama NUTA Jazz mwaka 1964. Magitaa yanasukana, tumba zinajibu katikati. Mpiga drams akiwamwagia kumi na sita zake zote juu, anawafunika watu ambao walishafanya kazi hiyo. Wimbo wa kuabudu unaoimbwa taratibu kwa kinanda na sauti tu, huo una nafasi: kinanda kinashikilia nota ndefu, na haihati ndogo ndogo inautembeza wimbo bila kuuharakisha. Bongo fleva iliyopunguziwa vyombo nayo ni vivyo hivyo. Kanuni yangu ni kutafuta nani mwingine anapiga “pa” na “zi”. Kama yupo, mwachie.

Hata pale usipozipiga, ulizojifunza hazipotei. Kwenye sebene, vijana wengi wanaiga kavasha bila kujua imejengwa wapi. Mtindo huo unatajwa pamoja na Meridjo Belobi, mpiga drams wa Zaiko Langa Langa ya Kinshasa katika miaka ya 1970, na husimuliwa kwamba wazo lake alilipata kwenye mlio wa treni. Ukipita Pugu treni ya mizigo ikiwa inakatiza kwenye reli ya zamani, simama kidogo usikilize magurudumu yanavyoruka maungio. Simulizi hiyo itakuingia akilini. Kavasha inachagua baadhi ya zile kumi na sita na kuziacha nyingine. Anayezihisi zote kichwani anajua hasa mkono uanguke wapi. Anayezikisia, kila bendi ikiongeza kasi kwenye chemko anayumba.

Na singeli? Nyingi zinakwenda kati ya mapigo 200 na 300 kwa dakika, na hutengenezwa kwa kompyuta. Kijana anaona kasi hiyo na kukata tamaa. Fanya hesabu: singeli ya 240, ukipiga nota mbili kwa kila pigo, ni nota nane kwa sekunde, sawasawa na kumi na sita kwenye 120. Ni lengo la kufikika kwa mikono miwili ukipandisha metronomu hatua tano tano, na kupanda tu pale rekodi ya simu ikikuonyesha kwamba nota ndogo zimebaki ndogo. Kasi ikipanda, nguvu huwa inapanda nayo bila wewe kujua. Ukisikia hivyo kwenye rekodi, shuka hatua mbili.

Njia ya pili, ya mkono mmoja, ninaitaja mwisho kwa makusudi. Hapa kulia inapiga zote kumi na sita juu ya haihati na kushoto inabaki kwenye snea, huru kuweka nota za chini chini kati ya mapigo. Clyde Stubblefield, mpiga drams wa James Brown, alipiga hivyo kwenye “Funky Drummer”, iliyorekodiwa Novemba 1969 na kutoka mwaka 1970, na wapiga drams wa dunia nzima bado wanairudia kujifunza. Ifanye kwenye nyimbo za taratibu tu kwanza, 60 hadi 75. Siri yake ni kupata nota mbili kwa mwendo mmoja wa mkono: kifundo kikishuka, shingo ya stiki inapiga ukingo kwenye “cha”; kifundo kikipanda kurudi, ncha inagusa mgongo wa toazi kwenye “pa”. Shuka tena “ka”, panda tena “zi”. Kwenye “ka” shuka kidogo kuliko kwenye “cha”, ili mkazo ubaki mmoja. Mkono unafanya miendo miwili kwa pigo, nota zinatoka nne.

Misuli ya juu ya mkono, karibu na kiwiko, itaanza kuwaka moto baada ya muda. Hiyo ni dalili kwamba umerudi kwenye kukaza. Simama, ning’iniza mkono, anza tena ukiwa umelegeza, hata kama ni kwenye 50. Maumivu makali ya kifundo hayapuuzwi wala hayapigiwi juu yake. Siku hiyo weka stiki chini. Na ikiwa wimbo wa Jumapili una kasi ya 100 na mkono mmoja haujafika huko, tumia miwili, au piga nota nane zako vizuri. Kwaya itakushukuru kwa nota nane zilizotulia kuliko kumi na sita zinazokimbia.